Kumtambua Mapema Mwanafunzi Aliyeelemewa: Mwongozo Kamili wa Kutumia Rejista, Simu na Fomu Shuleni

Walimu wenzangu wa Arua, Koboko, Yumbe na hata Busia huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Tulitengeneza fomu, wanafunzi wakajaza, majibu tunayo. Sasa tufanye nini?" Swali hilo likifika kwangu, mambo yameshakwenda kombo. Fomu ilitangulia, na mtu wa kupokea majibu hakuwepo.

Mwongozo huu unapindua mpangilio huo. Kwanza mtu na chumba, kisha ruhusa, kisha rejista, na fomu inakuja baadaye. Nimeuandika kwa ajili ya shule ya sekondari ya Uganda kama nyingi tunazozijua: wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, umeme hukatika, na mwalimu mlezi ana vipindi vya kufundisha kama wenzake. Kwa watoto wadogo wa shule ya msingi, hatua ya rejista na ile ya mazungumzo zinatosha.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote. Hakuna fomu wala jedwali linaloweza kusema mtoto ana ugonjwa gani. Kazi ya chombo ni kukunong'oneza: keti na huyu, leo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Walimu walezi wawili, wa wasichana na wa wavulana, ambao watoto huwaendea wenyewe bila kuitwa. Cheo peke yake hakitoshi.
- Chumba chenye mlango unaofungika na dirisha linaloonekana kutoka nje. Ofisi ya walimu haifai.
- Kompyuta moja yenye Excel au LibreOffice. LibreOffice ni ya bure.
- Simu au tableti mbili za Android, mali ya shule. Simu binafsi ya mwalimu isitumike, kwa sababu huenda nayo nyumbani, na watoto wake huichezea.
- Kauntabuku moja na kabati lenye kufuli. Funguo ni mbili tu.
- Barua za idhini kwa wazazi, kwa Kiingereza na kwa lugha ambayo mzazi anaisoma au anaweza kusomewa.
- Kadi ya namba za dharura iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati.
- Bando dogo la intaneti na salio la kupiga simu. Salio ndilo muhimu zaidi.

Kama huna tableti, usikate tamaa. Karatasi na kompyuta moja hufanya kazi hii vizuri. Kama huna mwalimu mlezi, basi usianze kabisa.

## Hatua ya 1: Andaa mapokezi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tuliwapeleka wanafunzi wa madarasa matatu kwenye maabara ya kompyuta Ijumaa mchana, wakajaza fomu. Jumatatu saa nne nikaifungua. Msichana mmoja wa S3, yaani kidato cha tatu, alikuwa ameandika kwamba hana sababu ya kufika muhula ujao. Nilikimbia hadi bwenini nikamkuta, mzima. Akaniambia: "Mwalimu, nilidhani mmeshasoma mkanyamaza."

Siku tatu alikuwa ameishi akiamini kwamba watu wazima wanajua na hawajali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usimuulize mtoto swali kabla hujawa na mtu aliyekaa tayari kupokea jibu.

Sasa fanya hesabu. Mwalimu mlezi mwenye vipindi anaweza kuongea kwa utulivu na wanafunzi watatu kwa siku, nusu saa kila mmoja. Kwa wiki ni kumi na watano. Darasa lako lina wanafunzi 60. Tuseme robo yao wakatoa majibu yanayohitaji mazungumzo: ni wale wale kumi na watano. Maana yake uwezo wako ni darasa moja kwa wiki. Shule ya wanafunzi 900 ikiulizwa yote kwa siku moja, umejitengenezea foleni ya miezi kadhaa, na aliye katika hatari kubwa hujui yuko wapi ndani ya foleni hiyo.

Baada ya hesabu, chora njia ya rufaa kwenye karatasi moja. Nani anamwona mtoto kwanza? Nani anampigia mzazi? Kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu kina mhudumu wa afya ya akili siku zipi? Nenda ukamwone kwa miguu yako, umjue sura, upate namba yake. Kwa sisi wa eneo la West Nile, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa mingine nazo zina vitengo vyao. Butabika, Kampala, ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili, lakini huhitaji kumpeleka mtoto huko kama msaada upo karibu.

Namba ya 116, inayoitwa Sauti, ni ya bure na ni ya masuala ya watoto nchi nzima. Ipige wewe mwenyewe mara moja kabla ya kuihitaji, ujue wanavyopokea na wanavyouliza.

Utajua hatua hii imekamilika pale matroni, akiulizwa ghafla usiku, ataweza kusema anampigia nani kwanza na nani pili.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya ya mtu kuwa data za pekee zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi, na taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi wake. Shule inayokusanya taarifa za watu inapaswa pia kujiandikisha kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Mwulize mwalimu mkuu kama shule yenu imeshafanya hivyo. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Barua kwa mzazi iwe fupi. Iseme unauliza nini, nani atasoma, utatunza kwa muda gani, na kwamba kukataa hakumletei mtoto adhabu. Usiandike "ugonjwa wa akili". Mzazi akisoma hivyo anamwona mwanawe amefungwa Butabika. Andika: "Tunataka kujua watoto wanaendeleaje moyoni na kimawazo, ili anayeelemewa asaidiwe mapema." Siku ya wazazi kutembelea bweni ndiyo nafasi bora, kwa sababu unaeleza kwa mdomo na anakuuliza uso kwa uso.

Mzazi wa mkimbizi huenda yuko ng'ambo ya mpaka, au hayupo tena duniani. Hapo mlezi anayetambulika ndiye anayetia sahihi.

Kisha muulize mtoto mwenyewe. Idhini ya mzazi haimlazimishi mtoto kujibu, na mtoto aliyelazimishwa atakupa majibu ya kukufurahisha.

## Hatua ya 3: Soma rejista kabla ya kuuliza swali lolote

Hatua hii hurukwa na karibu kila shule, nami naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Rejista haimwombi mtoto aseme lolote. Mtoto anayejificha nyuma ya "niko sawa" huonekana kwenye rejista wiki kadhaa kabla ya kufungua mdomo.

Fungua jedwali. Safu ya A ni namba ya siri ya mwanafunzi, kwa mfano S3-014. Majina yabaki kwenye kauntabuku iliyofungiwa kabatini, yasiingie kwenye kompyuta kabisa. Usitumie namba ya usajili ya shule wala ya wizara, kwa kuwa hizo watu wengi wanazijua. Safu ya B ni darasa. Kuanzia C hadi L weka siku kumi za masomo, yaani wiki mbili. Katika kila kisanduku andika herufi moja:

- Y kama yupo.
- H kama hayupo na hakuna sababu inayojulikana.
- A kama amerudishwa nyumbani kwa ada.
- G kama ni mgonjwa.
- R kama ana ruhusa.

Katika safu ya M andika =COUNTIF(C2:L2,"H") kisha uburute hadi mwisho wa darasa. Jedwali litahesabu lenyewe. Tumia amri ya kupaka rangi ili kisanduku chenye 3 au zaidi kiwe cha manjano.

Ongeza safu tatu nyingine. N ni mara ngapi amekwenda kwenye chumba cha wagonjwa katika wiki hizo mbili. O ni tofauti kati ya wastani wake wa alama wa muhula uliopita na wa sasa. P ni neno la mwalimu wa darasa au matroni, sentensi moja tu.

Mbona chumba cha wagonjwa? Kwa sababu hapa kwetu huzuni huingia mwilini. Mtoto hasemi moyo umechoka. Anasema kichwa, tumbo, kifua kinabana, usingizi hauji. Akipimwa malaria mara tatu na mara tatu hana, nesi humpa paracetamol na kumrudisha darasani. Mwambie nesi aandike kila ziara, hata ile ya dakika mbili.

Alama ulinganishe na za mtoto mwenyewe, usimlinganishe na darasa. Mwanafunzi wa kwanza aliyeshuka kutoka 82 hadi 64 bado ataonekana anafaulu. Hakuna atakayemwangalia. Sisi hushtuka alama zikishuka 15 au zaidi, na katika masomo matatu au zaidi, kwa kuwa somo moja huenda ni ugomvi na mwalimu tu.

Katika bweni, H ni nadra, maana watoto wako ndani ya uzio. Hapo safu ya P ndiyo jicho lako. Matroni anajua nani haendi kula posho (ugali), nani analala mchana, nani ameacha kufua, nani amegawa vitu vyake kwa wenzake. Hili la mwisho usilipuuze hata siku moja.

Kuna mitego mitatu ambayo nimeona walimu wakinasa.

Ya kwanza ni ada. Mtoto aliyerudishwa nyumbani si mtoro, ndiyo sababu ana herufi yake. Hata hivyo, mwenye A tatu ndani ya muhula mmoja mwite mzungumze. Kusimamishwa mbele ya darasa na kusomewa deni humchoma mtoto, na aibu hiyo haiishi siku ada inapolipwa.

Ya pili ni hedhi. Ukiona msichana ana H mbili au tatu kila baada ya wiki nne, kwanza muulize kuhusu pedi na maumivu. Mara nyingi jibu liko hapo.

Ya tatu ni mwalimu wa nidhamu. Orodha hii isifike mezani kwake. Mtoto aliyeitwa kwa sababu ya rejista akakutana na fimbo, ambayo marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliipiga marufuku shuleni, hatakuambia neno tena, wala marafiki zake hawatakuambia.

Kanuni tunayoitumia ni nyepesi. Dalili moja, mtazame wiki moja. Dalili mbili pamoja, zungumza naye wiki hiyo. Neno lolote la kutaka kufa, liwe la kwenye daftari, la mzaha au la ukutani chooni, ni siku hiyo hiyo, bila kujali safu nyingine zinasema nini.

Umefanikiwa hapa ikiwa ndani ya dakika ishirini kila Ijumaa asubuhi unaweza kusema ni watoto gani wa kuwaita. Iwe Ijumaa asubuhi. Ijumaa jioni umechelewa.

## Hatua ya 4: Chagua maswali yaliyokwisha kupimwa

Usitunge maswali yako. Najua inavutia. Lakini swali la kutunga halina kipimo cha kukuambia jibu lipi ni la kutia wasiwasi.

Kwa shule inayoanza ninapendekeza WHO-5, kipimo cha Shirika la Afya Duniani chenye maswali matano tu. Yote yanahusu wiki mbili zilizopita, na yote yameulizwa kwa upande wa heri: kama mtu amekuwa mchangamfu, ametulia, ana nguvu, anaamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zina mambo yanayompendeza. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4, upate alama kati ya 0 na 100. Kwenye jedwali fomula ni =SUM(B2:F2)*4. Chini ya 50, zungumza naye. Ikiwa 28 au chini yake, awe wa kwanza kwenye foleni.

Nakipenda kwa sababu hakimtishi mtoto. Akimaliza kujaza hajihisi amechunguzwa kama mgonjwa, na mzazi akitaka kuyaona maswali unampa bila hofu.

PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na 10 ndipo wahudumu wengi huanza kuangalia kwa karibu. Swali lake la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwa sababu hiyo, siipeleki PHQ-9 kwa darasa zima. Ninaitumia mezani, ana kwa ana, baada ya WHO-5 kuonyesha alama ya chini.

SDQ, dodoso la tabia na hisia za mtoto lenye vipengele 25, ni nzuri kwa tabia na mahusiano, na ina toleo la mwalimu na la mzazi. Angalizo: karatasi zake hutumika bure kwa kazi isiyo ya biashara, lakini huruhusiwi kuigeuza kuwa fomu ya kompyuta bila idhini ya wenyewe. Shule nyingi zimeivunja haki hiyo bila kujua. Kama unaitaka, ichape.

Sasa lugha. WHO-5 na PHQ-9 zina tafsiri za Kiswahili zilizopimwa Kenya, ila Kiswahili cha Mombasa si cha Arua, na mtoto aliyetoka Ituri, Kongo, husema "roho inaniuma" mahali ambapo mwingine angesema ana huzuni. Kwa Kiganda kuna okwekyawa, kujichukia mwenyewe, na okwekubagiza, kujihurumia na kujililia. Maneno hayo hubeba sonona kuliko tafsiri yoyote ya kitabuni. Chukua wanafunzi watano, uwasomee kila swali, kisha uulize: "Umeelewa nini?" Wawili wakikuelewa vibaya, usibadilishe swali lenyewe. Andaa maelezo ya mdomo ambayo kila msimamizi atayatoa kwa maneno yale yale.

## Hatua ya 5: Weka maswali kwenye simu

Tumia KoboToolbox, mfumo wa kutengeneza fomu na kukusanya majibu. Haina gharama kwa kazi ya ukubwa huu, na programu yake ya KoboCollect hufanya kazi bila intaneti: unajaza darasani, unatuma baadaye mtandao ukirudi. Google Forms ni rahisi zaidi, lakini inahitaji mtandao muda wote.

1. Fungua akaunti kwa barua pepe ya ofisi ya ulezi. Neno la siri wajue watu wawili tu.
2. Unda fomu. Swali la kwanza ni namba ya siri, kisha maswali matano, kila moja lazima lijibiwe.
3. Washa kumbukumbu ya muda wa kuanza na kumaliza. Aliyemaliza maswali matano kwa sekunde nane hakuyasoma, na huyo naye mwite.
4. Usiweke alama ionekane kwa mtoto. Akiona "24" atalala na namba hiyo usiku kucha.
5. Rekodi sauti ya kila swali, uiambatanishe. Kuna wanafunzi wa S1 wanaosoma kwa shida na hawatakiri mbele ya wenzao.
6. Weka neno la siri la msimamizi kwenye KoboCollect, na uwashe kufuta majibu ndani ya simu baada ya kutumwa.

Anayetumia Google Forms azime kipengele kinachomwonyesha mjazaji muhtasari wa majibu ya wenzake, na ahakikishe jedwali la majibu halifunguki kwa yeyote mwenye linki. Nimeona jedwali la namna hiyo likizunguka kwenye kundi la WhatsApp la walimu, na majina yakiwa ndani.

Usinunue programu za kusoma jumbe na mitandao ya wanafunzi, hata ukipewa kwa bei ya chini. Watoto hugundua ndani ya wiki, huhamia kwenye simu ya rafiki wa mjini, na imani yao kwako inakwisha. Vilevile usinakili majibu ya mtoto kwenye programu za akili mnemba ili zikupe ushauri. Taarifa hizo zikishatoka, huna namna ya kuzirudisha.

Jaribu fomu mara tatu ukiwa umezima mtandao. Majibu matatu yakifika kwenye seva baada ya kuuwasha, uko tayari.

## Hatua ya 6: Siku ya kuuliza

Chagua Jumanne au Jumatano asubuhi, kuanzia wiki ya tatu ya muhula. Wiki ya kwanza S1 wote wanalia kwa kukumbuka nyumbani. Karibu na mitihani ya taifa ya Oktoba na Novemba, kila mtu wa S4 ana wasiwasi, na alama za chini zitakuwa nyingi hadi zikose maana.

Mtoto mmoja, kifaa kimoja, kona moja. Asikae ubavuni kwa rafiki. Mwenye simu amkabidhi kisha ageuke.

Maneno ya kufungulia yawe ya kweli: "Si mtihani, na hakuna jibu la kukosea. Nitasoma majibu yako leo, mimi na mwenzangu tu. Nikiona unahitaji mtu wa kuongea naye nitakuita. Kama nitaona maisha yako yako hatarini, sitanyamaza. Nitamshirikisha mtu wa kukusaidia, na nitakuambia kabla." Usiahidi siri kamili. Ahadi hiyo utalazimika kuivunja siku ambayo mtoto atakuhitaji zaidi.

## Hatua ya 7: Soma kabla ya kengele ya jioni

Pakua majibu siku hiyo hiyo. Yaweke kando ya jedwali la hatua ya 3, namba kwa namba. Utapata makundi matatu.

Waliopata 28 au chini, au alama ya chini pamoja na dalili mbili za rejista, waone leo kabla hawajalala. Waliobaki chini ya 50, ndani ya wiki. Walio 50 na zaidi, lakini rejista inapiga kelele, nao ni wa wiki hii. Kundi hili la tatu walimu hulisahau. Mtoto aliyejaza 5 kila mahali huku hali chakula, mimi naiamini sahani yake.

Hakuna kusambaza orodha. Si kwenye kundi la WhatsApp, si ubaoni, si kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa anahitaji kujua tu kwamba mtoto ataitwa kipindi cha tatu.

## Hatua ya 8: Mazungumzo

Mwite mtoto kwa namna ambayo wenzake hawatajua. Mtume akuletee chaki, au mwite pamoja na wawili wengine kisha uachane nao njiani.

Usianze na fomu. Anza na kitu ulichokiona: "Mwanangu, wiki hizi mbili sikuoni ukicheza mpira na wenzako. Nimekukumbuka." Kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika ni mzito kwa mwalimu aliyezoea kufundisha, lakini ndani yake ndimo mtoto huamua kama atakuamini.

Akisema "Mwalimu, mimi niko sawa," usimkatalie. Mwambie, "Sawa. Mlango wangu uko wazi, nami nitakuuliza tena Ijumaa." Halafu Ijumaa umuulize kweli. Wengi hufunguka mara ya pili, wakishaona kwamba ulikumbuka.

Usimpe mawaidha. "Omba Mungu", "wenzako wanateseka zaidi", "jikaze, wewe ni mwanaume": nimewahi kuyasema yote hayo kwa nia njema, na kila mara nilimwona mtoto akifunga uso. Rudia alichosema kwa maneno yake mwenyewe, uulize usingizi, chakula, nyumbani, nani humkaribia.

Kama ameelemewa, uliza waziwazi: "Watu wakifika hapo, wakati mwingine hufikiria kufa, au kujiua. Wewe umewahi kufikiria hivyo?" Kuuliza hakumwekei mtoto wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa ahueni, kwa sababu kuna mtu ametamka kile alichokibeba peke yake.

Akisema ndiyo:

- Usimwache peke yake, hata chooni asindikizwe na mtu anayemwamini.
- Ondoa dawa, nyembe na vitu vingine vya hatari karibu naye. Sumu za shamba la shule ziwe chini ya kufuli siku zote.
- Mpigie mzazi au mlezi aje leo.
- Mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyo, mwalimu mlezi akiwa naye. Kama mmekwama, pigeni 116.
- Usiite polisi kwa ajili ya kujaribu kujiua. Sheria ya Adhabu ya Uganda imekuwa ikilihesabu kuwa kosa, na walimu wengine hukimbilia kituoni kwa kuogopa lawama. Huyu anahitaji daktari.

Usimfukuze shule wala kumpeleka nyumbani "akapumzike" kabla ya kuonwa na mhudumu. Kama chanzo kiko nyumbani, kwa mfano mjomba anayemdhuru, unamrudisha mikononi mwake. Mtoto akikuambia kuhusu kupigwa au kunajisiwa, hapo 116 na ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya wanahusika mara moja, na mtuhumiwa ndiye polisi wanayemtafuta.

## Hatua ya 9: Zungumza na mzazi

Simu za vijijini hutumiwa na nyumba nzima. Ujumbe wako huenda ukasomwa na jirani, kwa hiyo uandike hivi: "Habari mzazi. Mimi ni mwalimu mlezi. Mwanao yuko salama. Naomba tuonane shuleni wiki hii tuzungumze maendeleo yake." Hilo la usalama liwepo, la sivyo atakuja na boda boda mbio mbio akiwa na hofu ya msiba.

Akifika, eleza unachokiona, usitaje jina la ugonjwa. Wengine watasema ni mapepo, au ni mambo ya ukoo. Usibishane naye. Sema: "Maombi endeleeni, na hospitali twendeni pia." Sijawahi kumwona mzazi aliyekataa njia zote mbili zikiwekwa pamoja. Ila nimeona wengi walioondoka na mtoto wao baada ya mwalimu kudharau imani yao.

## Hatua ya 10: Rudia, kisha futa

Mtoto aliyepewa msaada mpe WHO-5 tena baada ya wiki nne. Alama ikipanda kutoka 32 hadi 56, na H zikipungua, msaada unafanya kazi. Ikibaki pale pale, rudi kwa mhudumu wa afya.

Darasa zima liulizwe mara moja kwa muhula, basi. Ukiuliza kila wiki watajaza bila kusoma.

Mwisho wa mwaka, futa majibu kwenye seva, kwenye simu na kwenye kompyuta, pamoja na nakala zilizo kwenye flashi. Baki na kumbukumbu za watoto wanaoendelea na matibabu tu, kwenye faili la karatasi, ndani ya kabati. Kurasa zilizobaki za kauntabuku zenye majina na namba zichane uzichome wewe mwenyewe, mbele ya mwalimu mkuu, kabla ya wanafunzi kurudi mwezi wa Februari na kupewa namba mpya.